Glasi ya Saba

Kalamu ilikuwa juu ya ukurasa wa arobaini na tatu tangu asubuhi, na Kiberiti hakuwa ameigusa.

"Unangoja nini?" Profesa alimuuliza. "Uletewe mto wa kukalia?"

"Nangoja uandike ukweli ndipo nisaini."

Wapo watakaowaambia kwamba ugomvi huu ulianzia ukumbini, mbele ya watoto sitini. Waambieni walichelewa kufika. Ulianzia jikoni, siku ya Ijumaa, kati ya bomba linalovuja na meza iliyojaa matone ya nta, na aliyeuanza ni Kiberiti, mwanamke wa miaka ishirini na sita ambaye hajawahi kutamka "sawa" huku moyoni anasema "si sawa".

Jiko lenyewe halikuwa la kupikia. Nyumba nzima ilikuwa ofisi ya jarida la sayansi la watoto. Sebuleni walikaa waandishi, kwenye chumba cha kulala alikaa Mchoraji na rangi zake, na jikoni alikaa Kiberiti na vitu vyote ambavyo mama mwenye akili timamu asingeviruhusu jikoni kwake: mayai yaliyolowekwa kwenye siki mpaka maganda yakayeyuka, maharage yaliyooteshwa ndani ya boksi la viatu lenye tundu moja ili watoto waone mche unavyojipinda kuutafuta mwanga, sindano zinazoelea juu ya maji, minyoo ya ardhi kwenye chupa yenye tabaka za udongo na mchanga. Kazi yake ilikuwa moja. Hakuna jaribio lililokwenda kwa mchapaji kabla yeye hajalifanya mara tatu, kwa vyombo vya kawaida vya nyumbani, na kabla mtoto wa chini ya miaka kumi hajalifanya mara moja. Likikubali, alitia saini, na chini ya ukurasa likachapwa neno moja: IMEJARIBIWA. Wazazi walilinunua jarida kwa ajili ya neno hilo. Walishachoka kununua vitabu vinavyoahidi volkano na kuleta povu la sabuni.

Mwenye jarida alikuwa Shangazi, dada wa baba yake Kiberiti, ambaye ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki na baba yake akaamua kuwa baba wa kwenye simu. Profesa alikuwa mume wa Shangazi. Hakuwa profesa wa kitu chochote. Alikuwa mwalimu wa sayansi wa madarasa ya chini aliyejinunulia koti jeupe, na watoto wakampa cheo kilichobaki. Kiberiti, kwa upande wake, alikuwa na diploma ya maabara na ulimi ambao hakuusomea popote.

Walikuwa wanatengeneza kitabu chenye majaribio mia moja. Tisini na tisa yalikuwa yametiwa saini. Siyo kwamba yote yalipita kwa amani. Mwezi uliopita Profesa aliandika kwamba kinyonga huchukua rangi ya kitu chochote anachowekwa juu yake, akawashauri watoto wamweke kwenye shuka la maua waone maajabu. Kiberiti aliuchana ukurasa. "Kinyonga hubadili rangi kwa hasira, kwa woga, kwa baridi na kwa kumtaka mwenzake," aliandika pembeni. "Hana habari na shuka zenu." Tangu siku hiyo Profesa alikuwa akimsalimia kwa kidevu.

Sasa ulikuwa umefika ukurasa wa arobaini na tatu, jaribio analolipenda Profesa kuliko mengine yote. Simamisha mshumaa katikati ya sahani. Mimina maji yenye rangi. Mwombe mtu mzima awashe mshumaa, kisha ufunike kwa glasi. Moto unazimika, na maji yanapanda ndani ya glasi kama yameitwa. Mpaka hapo, hakuna aliyebisha. Tatizo lilikuwa maelezo yaliyofuata: *Mshumaa umekula oksijeni yote, na maji yamechukua nafasi yake. Oksijeni ni sehemu moja ya tano ya hewa. Ndiyo maana maji yamepanda sehemu moja ya tano ya glasi. Bandika utepe mwekundu kwenye alama hiyo, uone mwenyewe!*

"Jaribio linakubali au halikubali?" Profesa alisema.

"Maji yanapanda."

"Basi saini."

"Maelezo ni ya uongo."

Profesa aliweka mikono ndani ya mifuko ya koti. Alifanya hivyo kila alipotaka kuonekana hajakasirika. "Hebu rudia nikusikie. Uongo?"

Kiberiti hakurudia. Alichukua glasi moja na sahani moja. Alifunika mshumaa mmoja. Moto ulipozimika, maji yalipanda upana wa kidole. Akafuta kila kitu, akasimamisha vipande vitatu vya mishumaa pamoja, akavifunika kwa glasi ile ile. Maji yalipanda zaidi ya mara mbili.

"Glasi ni hiyo hiyo," alisema. "Hewa iliyomo ni kiasi kile kile, na oksijeni yake vivyo hivyo. Kwa nini maji yamezidi?"

"Umeipanga mishumaa vibaya."

"Na tazama yanapanda wakati gani. Moto ukiwa unawaka, maji yametulia kama yamefiwa. Moto ukizimika tu, hayo, yanapanda mbio. Kama yanajaza nafasi ya oksijeni inayoliwa, yalikuwa wapi wakati inaliwa?"

Kutoka chumba cha pili, Mchoraji alikohoa kikohozi kisicho na ugonjwa.

"Moto unaipasha hewa," Kiberiti aliendelea, kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto, na alijua kabisa kwamba hiyo ndiyo sauti anayoitumia. "Hewa inavimba, nyingine inatoroka kwa chini. Moto ukifa, iliyobaki inapoa, inasinyaa, na hewa ya nje inayasukuma maji yaingie. Hata hiyo oksijeni haimaliziki yote. Mshumaa unakata tamaa mapema. Nimeandika hapa, mistari mitatu, mtoto yeyote ataelewa."

"Miaka thelathini nafundisha jaribio hili!"

"Basi umekosea miaka thelathini."

"Sikiliza, binti." Profesa alitoa mkono mmoja mfukoni. "Kazi yako humu ndani ni kuwasha na kuzima. Kueleza tuachie sisi. Ungekuwa na kichwa cha kueleza, usingekuwa jikoni."

"Na wewe ungekuwa na kichwa cha kujaribu, usingenihitaji."

Hapo ndipo Shangazi alipotokea mlangoni, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Shangazi hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alipokasirika aliipunguza, mpaka ikabidi uiname ili usikie unavyotukanwa.

"Nina mchapaji anayesubiri Jumatatu," alisema. "Kesho tunakitambulisha kitabu shuleni, na Profesa atafanya jaribio hili hili mbele ya watoto. Kiberiti, utaandaa meza. Jumatatu asubuhi nikikuta ukurasa huu hauna saini, nitakuta ufunguo wa jiko mezani kwangu. Nimeeleweka?"

"Nitasaini uongo?"

"Utasaini kwamba maji yamepanda. Mengine hayakuhusu."

Waliondoka pamoja, mke mbele, koti nyuma.

Kiberiti alibaki akikwangua nta kwa kisu. Kilichomuuma si kuitwa wa jikoni. Alikuwa analipenda jiko. Kilichomuuma ni ule utepe mwekundu. Maelezo yanaweza kukosewa na mtu yeyote, lakini alama ni kitu kinachopimika. Kama jaribio hili lilikuwa limechapwa zamani kwenye jarida, na yeye alijua lilichapwa, basi kuna mtu alilipima kwa rula akakuta maji yamefika sehemu moja ya tano kamili. Ilikuwaje?

Juu ya kabati palikuwa na madaftari ya majaribio ya zamani, ya tangu jarida linaanza, wakati Shangazi mwenyewe ndiye aliyekuwa akijaribu kila kitu. Kiberiti alipanda kiti. Alilipata daftari la mwaka aliokuwa na umri wa miaka minane, akalifungua akiwa bado amesimama juu ya kiti, na hakuteremka mpaka alipomaliza kusoma.

Mwandiko ulikuwa wa Shangazi, mdogo na ulionyooka. *Glasi ya kwanza: maji yamepita mstari. Ya pili: hayajafika. Ya tatu: hayajafika. Ya nne: yamepita sana. Ya tano, mshumaa mfupi: hayajafika. Ya sita: yamepita kidogo. Ya saba, mshumaa mwembamba: YAMEFIKA.* Chini yake: *Mtoto amefanya kwa glasi ya saba. Imejaribiwa.*

Mtoto huyo alikuwa yeye.

Kumbukumbu ilimrudia kwa mikono kabla ya kichwa: mikono ya gauni iliyolowa maji ya bluu, baridi ya sahani, na sauti ya Shangazi ikisema "tena", "tena", "siyo hiyo, chukua ile". Alikumbuka alivyosema, "Shangazi, mbona yanapanda moto ukishazimika?" na akaambiwa atabasamu, mpiga picha hana siku nzima. Picha yake ilitoka kwenye jalada. *Mdadisi wa Mwezi.*

Alimfuata Shangazi sebuleni. Profesa alikuwa ameshatoka kununua rangi ya maji. Kiberiti aliliweka daftari juu ya meza, wazi, bila salamu.

Shangazi alivaa miwani. Akasoma. Akavua miwani.

"Nani alikutuma kupekua?"

"Glasi saba, Shangazi."

"Nilikuwa na jarida la kutoa. Yeye ndiye aliyeliandika lile jaribio, na ndiye pekee aliyekubali kuniandikia bila kulipwa. Ulitaka nimwambie nini? Kwamba makala yake ya kwanza haifai?"

"Ndiyo."

"Wewe ungesema ndiyo." Sauti ilikuwa imeshuka mpaka chini kabisa. "Yeye hajui. Anaamini tangu siku ile kwamba glasi yoyote itafika kwenye mstari. Na hatajua. Umenisikia? Hatajua kwa mdomo wako."

"Basi badilisha maelezo."

"Nikibadilisha atauliza kwa nini, na nitajibu nini? Funga hilo daftari. Nenda kaandae meza."

Kiberiti alikuwa anafika mlangoni alipokiona kikaratasi cha mwaliko kwenye ubao wa matangazo. Profesa alikiandika mwenyewe wiki iliyopita na kukituma shuleni. *Kila dawati lije na glasi yake kutoka nyumbani, na mshumaa wowote uliopo. Tutafanya sote!* Ni mtu anayeamini kwa moyo wote tu anayeweza kuandika vile.

Alitazama nyuma. Shangazi alikuwa ameinamia kitabu chake cha miadi, hajakiona kikaratasi, au alikiona asikisome. Kiberiti angeweza kusema. Neno moja tu lingetosha, na Shangazi angepiga simu shuleni, na glasi kumi na mbili zinazofanana zingenunuliwa kabla ya jua kuchwa.

Hakusema. Alikwenda kuandaa meza.

Jumamosi asubuhi ukumbi wa shule ulikuwa na madawati kumi na mawili, watoto watano kila dawati, na kelele za watoto mia mbili. Walimu walikaa ukutani. Mwalimu Mkuu, mama mnene mwenye mkufu wa shanga kubwa, alikaa mbele pamoja na Shangazi. Profesa alipanda jukwaani koti likiwa limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe.

"Wadadisi!" alipiga kelele.

"Tupo!" ukumbi ukajibu.

"Toeni glasi zenu!"

Zikatoka. Nene za chai, nyembamba ndefu za juisi, fupi zenye mguu, chupa mbili za jamu, moja pana kama bakuli. Mishumaa nayo ilitoka: minene, mirefu, vipande vilivyobaki kutoka siku umeme ulipokatika. Kiberiti, aliyekuwa amesimama pembeni na ndoo ya maji ya bluu, aliona mgongo wa Shangazi ukikakamaa. Shangazi aligeuka taratibu, akamtafuta kwa macho, akampata. Kama macho yangekuwa na mikono, Kiberiti angekuwa ameshatolewa nje.

Watoto walipima kwa rula, wakabandika utepe mwekundu kwenye sehemu moja ya tano. Jukwaani Profesa alitumia glasi yake mwenyewe, ile aliyoitunza miaka yote, ile ambayo mkewe alimzawadia mara tu jarida lilipotoka. Walimu walizunguka wakiwasha. Glasi zikafunikwa. Mioto ikafa mmoja baada ya mwingine, na maji yakapanda.

Ya Profesa yalifika kwenye utepe, sawasawa, kama yamesimamishwa na askari.

"Mmeona?" alisema. "Oksijeni imeliwa! Sehemu moja ya tano! Nani mwingine yamefika?"

"Yetu yamepita!"

"Yetu hayajafika!"

"Yetu yamepita mbali, Profesa, karibu yafike nusu!"

"Yetu yamelala!"

"Nyinyi glasi ya kwenu imelogwa," mtoto mmoja wa kike aliwaambia wenzake wa dawati la jirani. "Ina ufa kama meno yako."

"Na nyinyi hamjui kupima, mmezoea kunakili!"

Profesa alicheka kicheko cha jukwaani, akateremka. "Tulieni, tulieni. Ambao hayajafika mmekosea mahali. Rudieni." Akapita dawati kwa dawati. Hapa mmewahi kufunika. Hapa mmechelewa. Hapa mmetikisa meza. Walirudia. Maji yalifanya vile vile, kwa ukaidi. Madawati ambayo kwa bahati maji yalikaribia mstari yalianza kuyazomea yasiyokaribia, na walimu waliokuwa ukutani hawakuwakataza. Nao walikuwa wameanza kutoa kasoro.

Dawati la mwisho lilikuwa na chupa ya jamu. Aliyeishika alikuwa msichana wa miaka tisa hivi, mwenye mapengo mawili mbele na karatasi iliyojaa hesabu zake. Maji yake yalikuwa chini ya utepe kwa upana wa kucha mbili.

"Nyinyi tena?" Profesa alisema. "Mmekosea. Rudieni."

"Tumerudia mara tatu, Profesa. Yanafika hapa hapa."

"Basi mmekosea mara tatu. Sayansi haina kiburi, mwanangu."

Wenzake wanne walimgeukia msichana. "Si tulikwambia mwalimu atatucheka?" mmoja alisema. "Toa mikono, unatutia aibu."

Msichana hakulia. Kiberiti alikuwa hatua tano tu kutoka hapo, na aliona kila kitu. Msichana alitazama kulia, akatazama kushoto, akaubandua utepe mwekundu kwa ukucha, akaushusha mpaka pale maji yalipokuwa, akaubandika, akaulainisha kwa kidole gumba. Kisha akainua mkono.

Profesa alirudi. Akainama. Uso wake ukachanua.

"Naam! Mmeona? Ukivumilia, sayansi haikuangushi. Huyu hapa ndiye mwanasayansi! Mpigieni makofi!"

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Msichana alitabasamu kwa mapengo yake, na katika tabasamu hilo hapakuwa na aibu hata chembe. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyegundua jinsi mambo yanavyokwenda hapa duniani, na amefurahi kugundua mapema.

Kiberiti aliweka ndoo chini. Hakukimbia; alitembea, akapanda jukwaani, akasimama pale alipokuwa amesimama Profesa.

"Msisogeze mstari," alisema.

Hakumtazama msichana. Alihakikisha hamtazami.

"Dawati ambalo maji yamepita, hamjakosea. Ambalo hayajafika, hamjakosea. Mmefanya vizuri kuliko sisi tulioandika kitabu. Kilichokosea ni mstari. Glasi ikibadilika, maji yanabadilika. Mshumaa ukibadilika, maji yanabadilika. Maji hayapandi kwa sababu oksijeni imekwisha. Yanapanda kwa sababu hewa iliyopata moto imepoa. Wekeni mishumaa mitatu chini ya glasi moja, muone yanavyoruka."

"Teremka," Profesa alisema kutoka katikati ya ukumbi.

"Nitateremka nikimaliza."

"Teremka, usinivunjie heshima mbele ya watoto! Jaribio hili lilijaribiwa kabla hujajua kufunga kamba za viatu!" Akawageukia walimu, mikono wazi. "Lilijaribiwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyelifanya! Picha yake iko kwenye jalada, alikuwa mdogo kama hawa! Mwulizeni kama maji hayakufika!"

Mwalimu Mkuu alimtazama Kiberiti. "Ni kweli?"

"Kiberiti," Shangazi alisema. Neno hilo moja, kwa sauti ile ya chini, na lilifika jukwaani.

"Ni kweli," Kiberiti alisema. "Yalifika. Kwenye glasi ya saba. Sita za kwanza zilikataa, nikawa naambiwa chukua nyingine, chukua nyingine, mpaka tukapata moja inayosema tunachotaka. Daftari lipo. Halafu tukaandika imejaribiwa."

Profesa alikuwa bado ametandaza mikono. Aliishusha polepole, akamgeukia mkewe, na mkewe alikuwa anatafuta kitu ndani ya mkoba, kwa bidii, kitu ambacho hakikuwemo.

Mwenye chupa ya jamu ndiye aliyewahi kusema. "Kwa hiyo mimi nilikuwa sahihi mara ya kwanza?" aliuliza, kwa hasira. "Mara zote tatu?"

"Mara zote tatu."

"Mngesema mapema!" Akaubandua utepe, akaufinyanga, akautupa chini.

Jumatatu, Kiberiti alipofika, mlango wa jiko ulikuwa umefungwa kwa ndani. Alisikia bomba, kisha njiti ikiwashwa, kisha kimya, kisha bomba tena. Mchoraji alichungulia, akaonyesha kwa kidole.

"Yumo tangu jana jioni," alinong'ona. "Amebeba glasi zote za nyumbani kwao. Mimi nimekuja na chai yangu kwenye kikombe cha bati, asije akanipokonya." Kisha akamtazama vizuri. "Umeiweza, dada. Sasa kimbia."

Shangazi alikuwa sebuleni, amekaa wima, na karatasi moja iliyochapwa ikiwa mbele yake. Macho yalikuwa mekundu, lakini alikuwa amepaka wanja.

"Keti."

"Nitasimama."

"Wazazi ishirini na mmoja wamepiga simu. Wanauliza kama na lile la siki tulilipika. Na lile la sindano. Na minyoo. Miaka yote hii, wanauliza, tumewapa watoto wao uongo?"

"Waambie hayo mengine nimeyajaribu mimi. Nitawaonyesha madaftari."

"Hawataki madaftari. Wanataka mtu mmoja aliyekosea, ili wengine wote wabaki safi." Alisukuma karatasi. "Soma."

Kiberiti alisoma. Ilisema kwamba kwa sababu ya uchovu na tofauti za kifamilia, yeye, mjaribu wa jarida, alitoa maneno yasiyo ya kweli kuhusu jaribio la zamani. Kwamba habari ya glasi saba aliibuni. Kwamba anaomba msamaha kwa mhariri, kwa mwandishi, kwa Mwalimu Mkuu na kwa watoto wote waliokuwepo. Chini palikuwa na mstari wa saini.

"Utaisoma mwenyewe shuleni, keshokutwa, mbele yao," Shangazi alisema. "Na mimi nitakupa ulichotaka. Huu hapa." Akainua ukurasa wa arobaini na tatu. Maelezo ya zamani yalikuwa yamekatwa, na mahali pake palikuwa na mistari mitatu ya Kiberiti, neno kwa neno. "Unakwenda kwa mchapaji leo, hivi ulivyo. Jiko linabaki lako. Kitabu kitakuwa na ukweli. Si ndicho ulichokuwa unakipigania? Nakupa kitabu, unanipa heshima yangu."

"Na nisiposoma?"

"Ukurasa unaondolewa, kitabu kinatoka na tisini na tisa, na wewe unatoka nacho."

Mlango wa jiko ulifunguka. Profesa alisimama kwenye ushoroba, bila koti. Vidole vyake vilikuwa na malengelenge, na mikono ya shati ilikuwa ya bluu mpaka kwenye viwiko. Bila lile koti alikuwa mtu mdogo, wa umri wake.

"Glasi ishirini na tatu," alisema. Hakusema zilivyofanya. "Wewe ungeniambia."

"Nilikwambia Ijumaa. Ukaniambia kazi yangu ni kuwasha na kuzima."

"Ungeniambia *vizuri*. Pembeni. Mimi ni mtu mzima, nimekubeba mgongoni. Ulikiona kile kikaratasi changu ubaoni, ukajua nakwenda kuanguka, ukaacha nianguke mbele ya watoto." Sauti ilitetemeka, na kutetemeka kwenyewe kulimzidishia hasira. "Omba msamaha."

Ni kweli Kiberiti alikiona. Ni kweli alinyamaza. Alikuwa amelala na jambo hilo usiku tatu, na kila alipoligeuza lilikuwa na ncha upande mwingine.

"Nimekulea," Shangazi alisema, na sasa hata kuinama kusingesaidia kusikia; ilibidi kusoma midomo. "Nimekuogesha. Nimekusomesha. Sijawahi kukuomba kitu. Leo nakuomba useme maneno ya dakika moja."

"Maneno gani, Shangazi? Kwamba nilikuta ukweli nikausema?"

"Kwamba umekosea!"

"Yupo mtoto pale shuleni," Kiberiti alisema, "aliambiwa amekosea mara tatu na hakuwa amekosea hata mara moja. Mara ya nne akadanganya, akapigiwa makofi. Mnataka nirudi nikasimame mbele yake, nimwambie kwamba hata mimi nilisogeza mstari? Atanielewa vizuri sana. Hataniuliza hata swali."

"Ni mtoto. Atasahau."

"Mimi nilisahau?"

Mchoraji, chumba cha pili, hakukohoa.

Kiberiti aliikunja karatasi mara moja, akairudisha mezani mbele ya Shangazi, upande wa maandishi ukiwa chini.

"Nakushukuru kwa kunilea," alisema. "Nitakushukuru mpaka nife. Profesa, nilipokiona kile kikaratasi nilinyamaza makusudi, na ningenyamaza tena. Chapeni ukurasa au msichape. Shuleni siendi, na karatasi hiyo siisomi. Siombi msamaha, si kwako, si kwake, si kwa mtu yeyote."